Waheshimiwa Wanane wa Kanda ya Kitanami

Kwanza niwatoe hofu: nchi ninayotaka kuisimulia haiko jirani na hapa. Ni nchi ya visiwa, mbali huko mashariki. Theluji huanguka miezi mitano kwa mwaka, treni hufika kwa dakika yake, na mtu akikukanyaga mguu hukuinamia mara tatu kabla ya kukukanyaga tena. Mambo yaliyotokea huko hayawezi kutokea kwetu, kwa hiyo msomaji asihangaike kutazama huku na huku akitafuta nani anasemwa.

Kaskazini kabisa ya nchi hiyo kuna kanda inayoitwa Kitanami. Siku ya uchaguzi kila mwananchi wa huko hupewa karatasi mbili. Kwenye ya kwanza huandika jina la mtu anayemtaka awe mbunge wa jimbo lake. Kwenye ya pili huandika jina la chama. Karatasi za vyama hujumlishwa kanda nzima, halafu vyama hugawana viti vinane vya kanda. Nani akalie viti hivyo? Hapo ndipo busara ya nchi ile inapong'aa. Chama kinaruhusiwa kumkalisha humo mtu yule yule ambaye jimbo lake limemkataa. Mtu anaweza kushindwa saa moja jioni na kuwa mbunge saa mbili na nusu. Wenyewe huita kufufuliwa. Kati ya waheshimiwa wanane wa Kitanami, sita walikuwa wamefufuliwa, na wawili waliobaki hawakuwahi kufa kwa sababu hawakuwahi kugombea popote.

Mmoja wa hao sita alikuwa Mheshimiwa Masahide Arikabe, na habari zake haziwezi kusimuliwa bila habari za Bi Fusae Nagakubo, mkunga.

*

Arikabe alikuwa mbunge wa jimbo la Tsurinai kwa miaka kumi na tisa. Kiti alikipata kwa baba yake, na baba alikipata kwa babu. Alizaliwa mji mkuu, akasoma mji mkuu, akaoa mji mkuu. Tsurinai alifika wakati wa kampeni tu, amevaa glavu nyeupe, amesimama kwenye gari lenye vipaza sauti vinne. "Arikabe! Ni Arikabe! Arikabe anawaomba!" Anaomba nini, gari halikusema.

Bungeni alikuwa mwenyekiti wa Kamati ya Kuongeza Vizazi. Nchi ile ilikuwa na wasiwasi mkubwa kwamba watu hawazai. Kamati ilikaa miaka minne, ikatembelea nchi kumi na moja zenye watoto, ikarudi na pendekezo: wodi ndogo za wazazi zifungwe, kwa kuwa wodi ndogo humfanya mama aone uzazi kuwa jambo dogo. Wodi ya Tsurinai ilikuwa na vitanda sita. Ikafungwa. Hospitali iliyobaki ilikuwa mji wa Ishibuse, kilomita tisini na sita, kwa barabara inayopanda mlima na kushuka upande wa pili.

Arikabe mwenyewe alikuja kuieleza habari hiyo njema kwenye ukumbi wa michezo wa shule. Watu walivua viatu mlangoni wakakaa chini kwa mistari.

"Ndugu zangu wa Tsurinai," alisema, "serikali haijafunga wodi. Serikali imeifungua wodi ya Ishibuse kwa ajili yenu."

Watu wakapiga makofi, maana ndiyo desturi. Katika mstari wa tatu alisimama mwanamke mfupi, mwenye mikono mipana, ambaye hakuwa amepiga makofi. Huyo ndiye Fusae. Alikuwa na miaka sitini na mmoja, mjane, na mkunga mkuu wa wodi iliyofungwa. Miaka thelathini na minane ya kuwaambia wanawake wasukume ilikuwa imemharibia sauti. Hakujua tena kuongea kwa chini.

"Mheshimiwa," alisema, na ukumbi mzima ukasikia, "mama akishikwa na uchungu hapa Tsurinai, theluji imefika kiunoni, afanye nini?"

Arikabe alimgeukia mtu mwembamba aliyesimama nyuma yake na faili. Huyo alikuwa Hatakoshi, afisa itifaki wa kanda, mtu mwaminifu ambaye hakuwahi kuchelewa kazini wala kukisia jambo. Hatakoshi akafungua faili, akanong'ona.

"Ajipange," Arikabe akasema.

"Ajipange vipi?"

"Kitaalamu, uchungu hutanguliwa na dalili. Mama mzalendo huzisikiliza dalili hizo na kuondoka nyumbani siku tatu kabla."

Makofi tena. Fusae alibaki amesimama mpaka yakaisha.

"Nusu ya watu waliomo humu ndani nimewapokea kwa mikono hii," alisema. "Sijaona hata mmoja aliyekuja kwa ratiba. Uchaguzi ukifika, Mheshimiwa, nitagombea mimi."

Arikabe alitabasamu, akainama, akaondoka na treni ya saa kumi.

*

Fusae hakuwa na gari la vipaza sauti, na kwa sauti yake hakulihitaji. Alivaa buti za mpira akapita nyumba kwa nyumba. Mwanawe, Toshiki, aliyekuwa akikamua ng'ombe kwenye ushirika wa maziwa, alimtangulia na koleo akifukua theluji milangoni. Chinatsu, mke wa Toshiki, alimwandikia majina ya kila familia kwa sababu alifanya kazi posta na alijua nani anaishi wapi. Chinatsu na Toshiki walikuwa na miaka sita ya ndoa na mimba mbili zilizoharibika, na hawakuzungumzia jambo hilo mbele ya watu.

"Wewe ulitanguliza miguu," Fusae alimwambia mwenye duka la samaki, "ukanitesa kutoka asubuhi mpaka adhuhuri. Sikukulaumu hata siku moja. Naomba kura yako."

"Mkunga, mimi na familia yetu tumekuwa wa Arikabe tangu babu."

"Babu yako hakuzaliwa kwa miguu."

Mwenye duka alimpa kura. Jimbo zima lilimpa. Jioni ya matokeo Fusae alikuwa na kura zaidi ya mara mbili ya zile za Arikabe, na wazee walilia sokoni, wakikumbatiana juu ya barafu kwa tahadhari.

Kwenye ofisi yake ya kampeni, Arikabe alipanda jukwaani mbele ya kamera, akainama mpaka paji la uso likakaribia meza. "Kosa si la wapiga kura," alisema huku machozi yakilowesha glavu. "Ni upungufu wa fadhila zangu mwenyewe." Wasaidizi wake walilia pia, kwa zamu.

Saa moja na nusu baadaye simu ililia. Hesabu za kanda zilikuwa zimetoka. Chama kilikuwa kimepata viti vya kutosha, na jina la Arikabe lilikuwa kwenye orodha. Amefufuliwa, wa saba kati ya wanane. Wasaidizi waliinua mikono juu wakapiga kelele za furaha mara tatu, kama ilivyoandikwa kwenye ratiba, na Arikabe akarudi jukwaani akiwa bado na macho mekundu.

"Wananchi wamesema," alitangaza. "Na kanda imewajibu."

Kesho yake watu wa Tsurinai walikwenda kumuuliza Hatakoshi jinsi ya kumtoa.

"Haiwezekani," Hatakoshi aliwaeleza kwa upole. "Ninyi hamkumchagua, kwa hiyo hamna cha kumnyang'anya. Wa kanda nao hawakumchagua, walichagua chama. Chama nacho hakikumchagua, kilipanga orodha. Na orodha ni karatasi. Huwezi kuilaumu karatasi."

*

Wiki ya pili Arikabe aliteuliwa kuwa Waziri wa Vizazi. Waziri Mkuu alieleza kwamba mbunge asiye na jimbo hana watu wa kumsumbua, hivyo anapata nafasi ya kuwafikiria wananchi.

Fusae alifika bungeni na sanduku lenye sahihi za watu wa Tsurinai, wanaotaka wodi yao ifunguliwe. Kanuni za bunge lile ni nzuri sana. Mbunge anayetaka kumuuliza waziri swali hulipeleka kwa maandishi siku mbili kabla, ili waziri asishtuke, na huambatanisha maelezo ya jibu lipi lingemuudhi, ili waziri asimuudhi kwa bahati mbaya. Fusae alifuata yote. Siku ya swali alisimama. Wabunge waliokuwa wamelala waliamka kwa ile sauti, wengine kwa mara ya kwanza tangu bajeti.

"Kwa nini wodi ya Tsurinai imefungwa?"

"Kwa sababu wanaozaa Tsurinai ni wachache," alijibu Waziri Arikabe.

"Ni wachache kwa sababu hawana pa kuzalia!"

"Namshukuru Mheshimiwa. Amethibitisha mwenyewe kwamba wodi haihitajiki."

Makofi. Sanduku la sahihi lilipelekwa kwenye chumba cha masanduku. Fusae aliandika hoja rasmi ya kutaka wodi ifunguliwe kwa sheria, na kwa mshangao wa wengi, wabunge kadhaa wa upinzani wakaanza kuiunga mkono, kwa kuwa ilikuwa fupi. Ilipofikia wiki moja kabla ya kupigiwa kura, Arikabe alimwalika ofisini kwake akamtilia chai kwa mkono wake.

"Bi Nagakubo, hoja yako inaweza kupita," alisema. "Ikipita, tutaunda tume. Tume itachukua miaka sita. Nakwambia kweli kama mtu wa nyumbani. Lakini mlima wa Ishibuse una handaki lililochimbwa miaka ishirini iliyopita, likaachwa bila lami. Nikitaka, kufikia Februari linapitika. Tsurinai hadi hospitali, dakika arobaini. Mimi nipate barabara, wewe upate dakika arobaini. Unachotakiwa ni kuiondoa hoja, kwa hiari yako."

Fusae aliangalia kikombe. Siku tatu kabla Chinatsu alikuwa amempigia simu kutoka posta, akiongea kwa kunong'ona kama mtu aliyeiba. "Mama, mwezi wa tatu sasa. Safari hii inakaa. Naisikia inakaa." Fusae alihesabu kwa vidole chini ya meza, kama alivyowahesabia wanawake maisha yake yote. Kujifungua kungeangukia mwisho wa Februari.

Aliwaza wanawake wengine wa Tsurinai, walio na mimba na ambao hawajazipata bado. Aliwaza ile miaka sita. Kisha akamwaza Chinatsu peke yake.

"Nipe kalamu," alisema.

Nyumbani alisema tu kwamba barabara inakuja. Watu walimbeba mabegani. Hakuwaeleza alichotoa, na kadiri siku zilivyopita ikawa vigumu zaidi kueleza.

*

Sherehe ya kufungua barabara ilipangwa tarehe kumi na nne Februari, saa tatu na nusu asubuhi, kwenye mdomo wa handaki. Barabara ilikuwa imeandikishwa kwa jina la kanda, kwa hiyo wakataji wa utepe walikuwa waheshimiwa wanane wa kanda. Fusae, mbunge aliyechaguliwa na watu watakaoipita barabara hiyo, alipewa kiti mstari wa sita, nyuma ya wauza lami.

Nani asimame katikati ya utepe lilikuwa swali lililojadiliwa wiki tatu. Arikabe alikuwa waziri, lakini kwenye orodha alikuwa wa saba. Wa kwanza kwenye orodha hakuwa waziri, lakini alikuwa wa kwanza. Hatakoshi ndiye aliyepata suluhu: utepe wa hariri wa mita nane, kila mheshimiwa na mita yake, mikasi minane ya urefu mmoja, na wote wakate kwa pumzi moja filimbi ikilia. Asiwepo aliyekata kabla ya mwenzake, wala aliyekata zaidi.

Saa tatu na nusu waheshimiwa saba walikuwa wamesimama. Wa nane alikuwa kwenye treni, na treni ilikuwa imekwama kwenye theluji. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka tisa, na shirika la reli lilikuwa limeshaomba radhi mara nne kwa kipaza sauti. Wakangoja. Bendi ikangoja. Wasaidizi wakawapangusa waheshimiwa theluji mabegani kwa brashi ndogo.

Saa nne na dakika tano lilitokea gari la wagonjwa.

Lilikuja likipiga king'ora, likasimama mbele ya utepe. Mlango wa nyuma ukafunguka, Toshiki akaruka chini bila koti, mikono imejaa damu mpaka viwiko.

"Mama! Mama yuko wapi?"

Fusae aliwapita wauza lami kwa magoti na viwiko. Ndani ya gari Chinatsu alikuwa amelala kiubavu, rangi imemtoka, amelishika tumbo lililokuwa gumu kama ubao.

"Mama mkwe," alisema, "bado wiki mbili. Nilijipanga."

Fusae aliweka mkono tumboni, akatazama damu, akajua. Kondo la nyuma lilikuwa limebanduka kabla ya wakati. Hapo hakuna cha kufanya kwa mikono. Panatakiwa chumba cha upasuaji, na panatakiwa sasa hivi.

"Kwa nini hamkupita mlimani?" alimuuliza dereva.

"Njia ya mlimani imefungwa tangu asubuhi, Mkunga. Magari ya kusukuma theluji yamehamishiwa huku kwa sherehe. Nina hati ya makabidhiano hapa."

Fusae alimwendea Hatakoshi. "Ondoa utepe."

Hatakoshi alikuwa ameshafungua faili. "Bi Nagakubo, mimi binafsi moyo wangu umeshapita. Cheo changu hakiwezi kupita. Kisheria hii bado si barabara. Mpaka utepe ukatwe ni eneo la ujenzi, na hakuna anayeingia eneo la ujenzi bila kofia ngumu."

"Leta kofia!"

Zikaletwa kofia tatu. Ndani ya gari walikuwa watu wanne. Msaidizi mmoja akatumwa mjini kutafuta ya nne.

Arikabe aliitwa. Alichungulia ndani ya gari, akavua glavu moja kwa heshima. "Nimeguswa," alisema. "Apite mara tu mwenzetu akifika. Ni suala la dakika." Waheshimiwa wengine waliitika kwa vichwa. Mmoja alikumbusha kwamba wakikata bila wa nane, wa nane atasema wamempora mita yake, na yeye asingependa wagonjwa waingizwe kwenye mambo ya siasa.

Zikapita dakika ishirini na mbili. Fusae alizihesabu zote, akiwa amepiga magoti ndani ya gari, kidole kwenye mshipa wa Chinatsu. Kisha akashuka, akaenda kwenye utepe, akaushika kwa mikono miwili. Hariri ya serikali ya nchi ile ni imara. Haikukatika. Akauma. Akauvuta kwa meno mpaka mdomo ukapasuka, na ukachanika katika mita ya saba, ile ya Arikabe.

Bendi ilikuwa imeagizwa ipige utepe ukikatika. Ikapiga.

"Endesha!" Fusae alipiga kelele huku akiruka ndani, na gari likaingia handakini na wimbo wa taifa nyuma yake.

*

Handaki lilikuwa na urefu wa kilomita sita. Mwisho wake ilianza kanda nyingine, na kanda hiyo nayo ilikuwa na waheshimiwa wake, utepe wake na sherehe yake. Walikuwa wamepanga viti mia mbili katikati ya lami, migongo ikitazama handaki na nyuso zikitazama kamera. Hakuna aliyetarajia mtu atokee ndani.

Dereva alikanyaga breki. Kiti cha mwisho kilikuwa hatua tatu kutoka kwenye bampa.

"Sogeeni!" Toshiki aliita. "Sogeeni jamani, mke wangu anakufa!"

Watu wa nchi ile ni wema. Walisimama wote mara moja. Lakini viti vilikuwa na majina, na afisa itifaki wa upande huo aliomba viondolewe kwa kufuata vyeo, kuanzia cha chini, ili mheshimiwa asikose pa kukaa wakati mwananchi bado amekaa. Waliviondoa kwa haraka sana na kwa utaratibu mzuri sana.

Mtoto alizaliwa walipofikia wakuu wa idara. Alikuwa wa kike, wa bluu, na Fusae alimpulizia mdomoni kwa mdomo wake uliopasuka mpaka akalia. Alimgeukia Chinatsu amwonyeshe. Chinatsu alikuwa ametazama dari ya gari, na hakuwa akiitazama kweli.

Viti vilikuwa vimebaki kumi na vinne.

*

Mtoto huyo alileta mgogoro. Alikuwa wa kwanza kuzaliwa katika eneo lile kwa miezi saba, na kila kanda ilitaka kumhesabu. Wapimaji walifika na vyombo vyao, wakakuta kwamba magurudumu ya mbele ya gari yalikuwa kanda ya pili, lakini kitanda kilikuwa Kitanami. Arikabe alishinda. Alikwenda hospitali na wapigapicha, akambeba mtoto kwa glavu nyeupe. "Huyu," alisema, "ni tunda la barabara." Kuhusu mama yake mtoto hakusema kitu, kwa kuwa vifo viko chini ya wizara nyingine na hakutaka kuingilia kazi ya mwenzake.

Fusae alishtakiwa bungeni kwa kuharibu mali ya sherehe. Mjadala ulirushwa hewani nchi nzima. Alipoulizwa kama ana la kusema, alisema, "Wodi ingekuwepo, angepona." Wabunge wachache walianza kuinamisha vichwa. Ndipo Arikabe akasimama, hana hasira hata kidogo, na karatasi mkononi.

"Mheshimiwa mwenyewe ndiye aliyeondoa hoja ya wodi," alisema. "Kwa hiari. Alichagua barabara. Sahihi yake hii hapa."

Kamera ikaisogelea karatasi. Ilikaa pale muda mrefu.

Wakapiga kura kwa kupita mmoja mmoja na vibao vya mbao. Waheshimiwa wanane wa Kitanami walipita wote. Wawili walikuwa wamelala, wakashikwa kwapani na kupitishwa. Fusae akavuliwa ubunge. Kwenye orodha ya kanda hakuwepo, kwa sababu huko hufufuliwa waliokataliwa, na yeye alikuwa amechaguliwa.

Aliporudi Tsurinai alimkuta Toshiki jikoni, anampa mtoto chupa. Televisheni ilikuwa imezimwa.

"Ilikuwa kweli ile karatasi?" Toshiki aliuliza bila kuinua kichwa.

"Kweli."

"Ulisaini?"

"Nilisaini."

"Na sisi tukakubeba mabegani."

"Nilimfikiria Chinatsu, mwanangu. Wodi ingechukua miaka sita. Nilimfikiria yeye tu."

Toshiki alimfuta mtoto maziwa kidevuni, taratibu. "Najua, Mama," alisema. "Ndiyo maana siwezi kukusamehe. Ungekuwa umemfikiria mtu mwingine, ningekutukana yakaisha."

Jumamosi aliondoka na mtoto kwenda mji mkuu, kwenye kiwanda kilichokuwa kinatafuta watu. Fusae aliwafungia nepi na maziwa. Stesheni Toshiki alimwinamia mama yake vizuri, kama mtu anavyomwinamia mwenye nyumba aliyempangisha, na treni ikaondoka kwa dakika yake.

*

Uchaguzi uliofuata Arikabe aligombea tena Tsurinai, akapata kura mia moja na tatu, na kanda ikamfufua akiwa wa tatu. Sasa ni Spika.

Fusae alinyang'anywa leseni ya ukunga. Kuzalisha nyumbani bila leseni ni kosa la jinai, na tangazo lilibandikwa kwenye nguzo ya umeme mbele ya mlango wake ili asisahau. Majira ya baridi yalipoanza, alasiri moja theluji ikiwa imefunga barabara zote mbili, ya zamani na ya hariri, mlango uligongwa. Alikuwa Hatakoshi. Alikuwa amemshika mkono binti yake, aliyekuwa amejikunja kwa uchungu na maji yamelowesha viatu.

Hatakoshi hakuwa na faili. Alipiga magoti kwenye theluji, akaweka paji la uso chini.

Fusae alimtazama. Alimtazama muda wa kutosha kwa binti kupata uchungu mwingine na kuumaliza.

"Ingia, mwanangu," alimwambia yule binti. "Baba yako abaki nje."

Hatakoshi alibaki nje. Ilikuwa saa nane. Mpaka saa kumi na mbili theluji ilikuwa imemfunika mabega na utosi, na hakusogea wala kubisha mlango. Ndani sauti ya Fusae iliamuru sukuma, ngoja, sasa sukuma, na majirani waliisikia mpaka ng'ambo ya barabara. Kisha mtoto akalia, wa kiume, mzima, na mama yake mzima.

Fusae alifungua mlango akiwa na taulo mkononi. "Una mjukuu," alisema.

Hatakoshi alilia. Alilia kama mtoto, kamasi zikiganda kwenye mdomo, akaushika mkono wa Fusae akauweka kwenye uso wake. Alisema asante mara nyingi kiasi kwamba neno lilipoteza maana. Kisha, kwa vidole vilivyokufa ganzi, akafungua vifungo vya koti lake, akatoa kwenye mfuko wa ndani fomu rasmi, akaijaza pale pale mlangoni: jina la mtuhumiwa, mahali, saa ya kuzaliwa mtoto, shahidi. Kwenye nafasi ya shahidi aliandika jina lake mwenyewe. Aliomba radhi kwa mwandiko.

Halafu akamkabidhi Fusae hati ya kuitwa mahakamani kwa mikono miwili, ameinama sana, machozi yakidondokea mhuri.